Thelathini na Moja kwa Lita

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo wenye ramani wasijisumbue. Inaitwa Tambarare, na ni milima mitupu. Waliopewa kazi ya kuibunia jina walitandaziwa karatasi mezani, wakapapasa, wakaona hakuna kilichoinuka, wakaandika walichokiona. Tangu siku hiyo kusema hadharani kwamba barabara fulani inapanda ni kosa la miezi sita gerezani, na gereza lenyewe liko juu ya mlima.

Humo aliishi Tunu Mahimbo, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mchache wa maneno, dereva wa majaribio katika Idara ya Vipimo vya Mwendo. Kazi yake ilikuwa moja, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Alijaza tangi la gari mpaka shingoni, akaendesha kilomita mia moja na ishirini, akarudi, akajaza tena mpaka shingoni, akaangalia gari limekunywa lita ngapi. Kisha akagawanya. Basi. Aliipenda kazi hiyo jinsi wengine wanavyopenda kuimba. Aliweza kujua kwa makalio, alisema mwenyewe bila kucheka, kwamba tairi ya nyuma kushoto imepungua upepo.

Mwenzake alikuwa fundi mzee, Chande Lihawa, aliyekagua tairi na kuchuja mafuta. Alichuja kwa kipande cha kanga ya marehemu mkewe. Akiulizwa, alisema ni kwa sababu kanga ile ilifumwa vizuri, wala si kwa sababu nyingine.

Mwaka ule serikali ilitoa gari lake la kwanza la kizalendo. Liliitwa Sisimizi. Lilikuwa na milango miwili, injini ndogo kama sufuria ya familia, na honi iliyopiga mwanzo wa wimbo wa taifa. Tunu alilipima kama alivyoyapima mengine, kwa tairi zilizotoka kiwandani na mafuta yaliyotoka bomba la serikali, akapata kilomita kumi na tatu kwa lita. Akaandika 13 kwenye karatasi, akapeleka ofisini, akaenda nyumbani kupika ndizi.

Siku ya Sikukuu ya Barabara karatasi ile ilifika mikononi mwa Mtukufu Rais, aliyekuwa jukwaani mbele ya watu elfu sitini. Mtukufu havai miwani, kwa kuwa Katiba inasema macho yake yanaona mbali. Akaitazama ile 13 kwa muda, akaianzia upande alioupenda.

"Sisimizi," akanguruma, "litakwenda kilomita thelathini na moja kwa lita moja!"

Makofi yalipigwa dakika arobaini. Wanaume wawili walioshusha mikono kabla ya wenzao walipakiwa kwenye gari la kijivu, na wake zao wakaambiwa wasiwawekee chakula.

Keshoye ikatoka sheria. Kwa kuwa lita moja ni kilomita thelathini na moja, mtu anayetaka zaidi ya hapo ama ni mlanguzi ama anamshuku Mtukufu, na kati ya hayo mawili ulanguzi ndio wenye adhabu nafuu. Ukifika sheli unasema unakwenda wapi, mhudumu anafungua kitabu, anakupimia. Safari ya kilomita sitini na mbili, lita mbili. Ukiomba kijiko cha ziada, mhudumu anapuliza filimbi.

Wiki ya kwanza magari thelathini na tisa yalizimika kwenye daraja refu la Mto Sange, moja nyuma ya jingine, yamejaa watu waliokuwa wakirudi kutoka harusini. Bahati mbaya msafara wa Mtukufu ulikuwa unapita, na Mtukufu alikuwa na haraka ya kwenda kufungua choo cha shule. Burudoza lililotangulia msafara halikupunguza mwendo. Yalisukumwa yote majini, na akina mama waliotoka nje kuomba wapewe dakika moja tu wasogee kando wakasagwa pamoja na kanga zao za sare. Saa saba mchana redio ilitangaza kwamba wananchi mia moja na sita wameamua kuogelea.

Hata hivyo miili inayoelea ina tabia ya kufika mjini, na ilipofika, ikabidi apatikane mwenye kosa.

Wenye kosa walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na wizara. Waziri wa Tairi alikuwa Jenerali Mkwanda Pazi, mtu mnene wa medali ishirini na sita, mojawapo ya kuogelea. Waziri wa Mafuta alikuwa Profesa Saluma Kiango, mwanamke mwembamba aliyezungumza polepole kama anayemsomea mgonjwa dawa, na aliyetembea na bastola ndogo ndani ya mkoba wa shanga.

"Mafuta yamechakachuliwa," Jenerali akaliambia Baraza la Mawaziri huku akipiga meza. "Petroli yetu nusu ni mafuta ya taa! Injini inagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango!"

"Mheshimiwa Jenerali," Profesa akajibu, "amelivalisha gari la kilo mia sita tairi za trekta. Pana, zenye meno, na nusu yake hazina upepo. Hata ukilitia machozi ya malaika halitakwenda popote."

Balaa la nchi ile ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Hawakuelewana. Jenerali akaunda kikosi, akakiita Askari wa Upepo, akawapa nondo na visu vya kuchania mpira. Profesa akaunda chake, Walinzi wa Pampu, wenye mipira ya sheli iliyokatwa kwa urefu wa mkono na risasi za kweli. Askari wa Upepo walisimamisha magari, wakanusa tangi, na wakinusa mafuta ya taa, dereva alinyweshwa kikombe ili athibitishe. Kilomita mbili mbele walisimama Walinzi wa Pampu. Wao waliangalia tairi, na wakikuta meno ya trekta, walimng'oa dereva meno kwa idadi hiyohiyo. Wengi walikuwa na upungufu. Deni lililobaki lililipwa na abiria.

Mji ulipokuwa hauna tena dereva wa kupitisha hata gari la maiti, Mtukufu alitoa amri: Idara ya Vipimo ipime upya, iseme kosa ni la tairi au la mafuta. Siku nne.

"Siku nne, safari nne," Tunu alimwambia Chande uani, pale Idarani. "Tunabadilisha kitu kimoja kila safari. Kimoja tu, fundi."

"Na jibu tukishalipata, Bi Tunu?"

"Tunaliandika."

Chande aliinamia tairi, akafunua kofia ya vali, akasikiliza. "Mimi nauliza tukishaliandika."

Tunu aliingia ndani, akafunga mlango. Aliwasha gari.

Siku ya kwanza alikwenda na tairi za trekta na petroli ya serikali. Kumi na tatu, kama zamani. Siku ya pili tairi zilezile, ila Chande alimpatia petroli ya kawaida aliyoichuja mara tatu, safi, isiyo na tone la mafuta ya taa. Kumi na tano, na injini iliacha kugonga. Siku ya tatu mzee akatoa stoo tairi nne nyembamba za zamani, akazijaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa mlango, si zaidi, si pungufu. Gari likateleza barabarani kama limepakwa mafuta ya nazi. Kumi na tisa. Siku ya nne, tairi zilezile nyembamba, akatia petroli ya Daraja la Dhahabu, ile aliyoiuza Profesa kwenye chupa zenye utepe kwa bei ya manukato. Kumi na tisa na ushei, kiasi ambacho upepo wa mgongoni peke yake ungeweza kuleta.

"Mafuta ya dhahabu hayana kazi humu," Tunu alisema. "Injini yenyewe ndogo, haijui hata iyafanyie nini."

"Kwa hiyo wote wawili wamekosa," akasema Chande.

"Wote wawili wamekosa. Na thelathini na moja haipo, fundi. Hata tungeliacha gari bila dereva."

Mzee akaangalia lango, kisha akaanza kuokota vifaa vyake na kuvirudisha kwenye sanduku, kimoja kimoja, kama mtu anayehama.

Jenerali alikuwa wa kwanza kufika, kesho yake saa tatu asubuhi, na askari arobaini. Alikalishwa kwenye kiti alichokuja nacho, Tunu akalazwa kifudifudi sakafuni mbele yake.

"Mama," Jenerali alisema kwa upole, "taifa linataka kujua. Tairi au mafuta?"

"Vyote, mheshimiwa."

Walimchapa kwa ukanda uliokatwa kwenye tairi, wenye waya ndani. Ubavu wa kwanza ulivunjika kwenye kiboko cha kumi na moja, na Tunu, ambaye hesabu haikumtoka hata hapo, aliendelea kuhesabu mpaka ishirini na sita, sawa na medali. Halafu wakamleta Chande, wakauweka mkono wake wa kulia ukingoni mwa mlango wa Sisimizi, wakaufunga mlango kwa kuurusha. Vidole vitatu vikabaki vimening'inia. Mzee hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, kama upepo unaotoka kwenye vali.

"Tairi au mafuta?"

"Mafuta," akasema Tunu. Akasaini.

Jenerali akampa mkono kumpongeza kwa uzalendo wake, akaondoka. Saa sita mchana wakaja Walinzi wa Pampu, na Profesa akiwa ameshika kitambaa puani kwa ajili ya harufu ya damu.

"Bi Tunu, mwanangu," alisema, ijapokuwa walikuwa rika moja, "nimesikia umeonewa. Watu wale ni washenzi. Tairi au mafuta?"

Tunu alitaka kusema tairi upesi, lakini mdomo ulikuwa umevimba, na walinzi wakadhani anafikiri. Kwa hiyo wakamchapa kwa mpira wa sheli ambao una ncha ya chuma. Chande alisogea kwa magoti kuja kumkinga, mkono wake umefungwa kwa ile kanga ya mkewe. Mlinzi mmoja akamsukuma kando kwa buti, wala si kwa nguvu sana, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuwa baba yake.

"Tairi," Tunu alitamka hatimaye. Akasaini tena.

Zilipofika Ikulu ripoti mbili zenye saini moja, kila waziri alielewa kwamba mwenzake amefoji. Alasiri ileile vikosi vyote viwili vilirudi Idarani kuteka ushahidi, yaani Sisimizi lenyewe. Askari wa Upepo waliingia kwa lango la mbele, Walinzi wa Pampu kwa ukuta wa nyuma, wakakutana uani. Pande zote mbili ziliapa baadaye kwamba hazikupiga gari hata risasi moja, na ni kweli. Risasi zote zilikwenda kwa watu. Makarani wawili walikufa kaunta, wameshika mihuri. Mpishi alikufa. Mapipa ya mafuta yalishika moto, lakini kwa vile yalikuwa yamechakachuliwa yaliwaka polepole, na waliokuwa karibu wakapata muda mrefu wa kujuta.

Tunu alimkuta Chande amekaa ameegemea tairi moja ya Sisimizi. Risasi ilikuwa imeingia chini ya kifua.

"Imetoboka?" mzee aliuliza.

"Nini, fundi?"

"Tairi."

Tunu akapapasa nyuma ya mgongo wake. Ilikuwa nzima, imejaa vizuri. "Haijatoboka."

"Basi vizuri," alisema Chande, na macho yake yakabaki yanatazama nati za gurudumu la gari jingine, kama anayeona zimelegea.

Tunu alikaa naye mpaka bunduki ziliponyamaza. Alikuwa amelia mara ya mwisho akiwa msichana, na sasa hakujua machozi yanaanzaje. Alipomvua mzee ile kanga mkononi ili amfunike uso, aligundua kwamba ni fupi mno. Ikamfunika kuanzia paji mpaka kidevu tu. Miaka yote ile ya kuchuja ilikuwa imeipunguza.

Asubuhi Mtukufu aliwaita Ikulu Tunu na mawaziri wote wawili. Aliketi juu, mbele yake zile ripoti mbili, ameziweka kichwa chini.

"Nimesoma," alisema. "Ripoti hii inasema kosa ni la mafuta. Hii inasema ni la tairi. Kwa hiyo gari halina kosa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mtukufu!" mawaziri wakaitikia pamoja, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

"Basi liendeshwe mbele ya taifa. Lita moja. Kutoka lango langu mpaka mpakani ni kilomita thelathini na moja kamili, na barabara ni tambarare."

"Tambarare, Mtukufu!"

"Mama huyu ataendesha. Ninyi wawili mtakaa nyuma muwe mashahidi. Likifika, nawapa nishani. Lisipofika..." Akamgeukia mkuu wa walinzi wake. "Lisipofika huwa tunafanyaje?"

"Huwa tunapiga risasi, Mtukufu."

"Wote?"

"Waliomo, Mtukufu."

Jenerali na Profesa wakaangaliana. Ndipo kila mmoja alipojikuta anamtazama Tunu kwa jicho la huruma ambalo halikuwepo jana. Tunu alisema ana ombi moja: alitayarishe gari mwenyewe, mtu yeyote asiliguse. Akakubaliwa.

Alilitayarisha asubuhi hiyo akiwa peke yake katika ua ulionuka moshi. Akafunga zile tairi nyembamba, akazijaza upepo mpaka kiwango, akarudia kupima mara mbili. Akachuja lita moja ya petroli ya kawaida kwa leso yake mwenyewe. Akatoa kila kitu kilichozidi uzito: jeki, zulia, hata kioo cha kujitazamia. Kwa mawaziri hakuwa na la kufanya. Jenerali peke yake alikuwa na uzito wa injini.

Alijua litazimika. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu, kabla hajapigwa risasi, liende mbali kadiri linavyoweza kwenda kwa haki.

Saa nne walitoka langoni, honi ikilia wimbo wa taifa. Nyuma yao ulifuata msafara: malori kumi na mawili ya jeshi yenye kikosi cha kupiga risasi, magari ya vikosi vya mawaziri, gari la redio, na ambulansi iliyopakia majeneza. Basi la bendi lilikuwa limetangulia ili likawapokee mpakani. Na kwa kuwa sheria ni sheria, kila gari lilikuwa limetiwa lita moja. Kapteni mmoja alikuwa ameuliza kama malori yasipewe madumu ya akiba. Alipigwa risasi palepale ukutani, na aliyempiga akapandishwa cheo kuwa kapteni.

Tunu aliendesha kama anavyoendesha kila siku. Hakukanyaga kwa pupa, hakufunga breki bila sababu, kwenye miteremko aliliacha litiririke. Walipofika kilomita ya tatu akatazama kioo cha pembeni. Malori hayakuwepo. Yalikuwa yamesimama nyuma kwenye mlima, yote kumi na mawili, na askari wanarukaruka wakipunga mikono. Kilomita ya nne walilipita basi la bendi limezimika kando ya barabara. Mpiga tarumbeta aliwapigia saluti. Kilomita ya saba gari la redio lilibaki. Kilomita ya tisa yalibaki magari ya Jenerali, na ya kumi yakabaki ya Profesa, yaliyokuwa yametiwa mafuta ya dhahabu. Ambulansi, iliyokuwa nyepesi kwa kuwa majeneza yalikuwa bado matupu, iliendelea mpaka ya kumi na moja.

Baada ya hapo palikuwa na Sisimizi peke yake na milima.

Mawaziri hawakuona, walikuwa na shughuli. Walikuwa wamebanwa kwenye kiti kimoja, goti kwa goti.

"Unaona linavyokwenda," Jenerali alisema. "Tairi hizo."

"Tairi gani? Hizo si zako. Zako zilikuwa za kulimia."

"Na mafuta nayo si yako! Yako tungekuwa tumeshakufa kwa moshi!"

"Usinitemee mate, Mkwanda."

"Nitakutemea, na yule mpwa wako uliyempa kazi ya kuchanganya mafuta nitamtemea!"

Mkoba wa shanga ukafunguka. Tunu alisikia mlio mkali sana ndani ya kopo lile la gari, sikio lake la kushoto likazibika, na tundu likatokea darini. Jenerali alikuwa ameukamata mkono wa Profesa. Wakagombea bastola huku gari likipanda na kushuka. Risasi ya pili ilikata ncha ya sikio la Jenerali, ya tatu ikatoka dirishani, ya nne ikaingia kwenye kiti cha mbele kisicho na mtu. Profesa akamng'ata shavu, akaondoka na kipande. Jenerali akalia kama mtoto, akazungusha bastola kwa nguvu zake zote. Ikalia ya tano, na ya sita.

Profesa akaangukia kioo cha nyuma. Damu ilikuwa ya moto shingoni mwa Tunu, wala haikuwa yake.

"Alijipiga," Jenerali alisema. "Wewe ni shahidi."

Tunu alibadilisha gia. Kilomita ya kumi na tano ikapita, ya kumi na sita. Redio ya gari ilikuwa imewashwa, na mtangazaji aliyekwama nyuma hakuwa ameacha kutangaza: "...wananchi, Sisimizi linakata mbuga! Hapa kilomita ya ishirini na tano, Waziri wa Mafuta anacheka na Waziri wa Tairi kama ndugu wa tumbo moja..."

Kwenye kilomita ya kumi na tisa injini ilikohoa. Tunu akaegemea usukani, akaliacha lipande kwa nguvu iliyobaki, akamwona sisimizi huyo wa chuma anavuta, anavuta, mpaka akasimama katikati ya mlima mrefu. Akavuta breki ya mkono. Akatazama saa ya kilomita. Kumi na tisa, nukta mbili. Watu watatu ndani, milima mitupu, lita moja. Hakuwa amewahi kupata kipimo kizuri kama kile maishani mwake, na hakuwepo wa kumwambia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Kwa nini tumesimama?" Jenerali aliuliza.

"Yamekwisha, mheshimiwa."

"Sukuma."

"Kusukuma si kipimo."

Jenerali akamwelekezea bastola, akavuta mara tatu. Ililia ka, ka, ka. Tunu alisubiri mpaka amalize, akashuka, akafunga mlango wake taratibu, akaanza kutembea kuelekea mpakani. Mbavu zilimuuma kila hatua.

"Wewe mama! Rudi! Ni amri!" Jenerali alipaza sauti. Halafu, alipoona barabara ni tupu mbele na nyuma, na redio inasema wamefika kilomita ya ishirini na tisa, akafanya hesabu yake. Gari likifika, ni nishani. Lisipofika, ni ukuta. Akajikunjua kutoka kiti cha nyuma, akashusha breki ya mkono, akaegemeza bega nyuma ya gari, akalisukuma. Kilomita kumi na moja na mita mia nane.

Tunu aligeuka alipofika kona. Aliona mtu mnene mwenye damu shavuni na medali ishirini na sita, anasukuma gari dogo kupandisha mlima ambao kisheria haukuwepo, na kichwa cha Profesa kinatikisika kwenye kioo cha nyuma kama cha mtu anayekubaliana na kila kitu. Alikwenda mita mia moja. Mia mbili. Akasimama kuvua koti.

Tairi za Jenerali, zile pana za trekta, zingeganda palepale kwenye lami. Lakini hizi zilikuwa nyembamba na zimejaa upepo sawasawa. Gari lilianza kurudi bila sauti. Lilimpata akiwa na mkono mmoja ndani ya koti, likamlaza chini, gurudumu moja likapanda juu yake na la pili likafuata, likaendelea kurudi mpaka likaingia mtaroni na kutulia.

Tunu alirudi chini. Ilimchukua muda kwa sababu ya mbavu. Kifua cha Jenerali kilikuwa kimebonyea na medali zimezama ndani, lakini alikuwa hai, macho wazi. Mtaroni redio iliendelea: "...thelathini na moja! Wamefika! Taifa limefika!"

"Tumefika?" Jenerali aliuliza.

Tunu aliinama dirishani. Saa ya kilomita ya Sisimizi ilikuwa ya kizamani, ya meno, inayorudi nyuma gari likirudi nyuma. Akaisoma, akarudi kupiga magoti kando yake.

"Kumi na tisa, nukta mbili, mheshimiwa. Kwa tairi nzuri na mafuta safi."

Jenerali alitikisa kichwa kukataa. Povu jekundu lilimtoka mdomoni, akajitahidi kumshika Tunu ukosi amsogeze karibu.

"Ni mafuta," alisema. "Nilisema tangu mwanzo. Ni mafuta yale."

Akafa. Tunu akautoa mkono wake ukosini, akasimama, akaendelea na safari yake kwa miguu.